Blauzi Yenye Vipimo vya Krismasi

Sina tabia ya kuandika majina. Tangu nianze kushona hapa Johannesburg, daftari langu lina namba tu: kifua, kiuno, nyonga, bega, mkono, urefu, kwa mpangilio huohuo, mstari mmoja kwa kila mwili. Si uvivu. Watu wetu hapa wana majina mawili matatu: la nyumbani, la kwenye karatasi za ukimbizi, na la kanisani baada ya kubatizwa upya. Ukiandika moja, kesho mwenyewe analikana. Kiuno hakina jina la pili. Nilikuwa nikijisifu kwamba ukinisomea namba sita nitakutajia mtu, na nilijisifu mbele ya watu ambao sikupaswa kujisifu mbele yao.

Mwaka huo ninaousimulia ulikuwa 2018. Tulikuwa wanawake kumi na wanne, karibu wote kutoka Kongo, na vyerehani vyetu vilijaa ukumbi mmoja wa ghorofa ya kwanza katika jengo la jiji, hatua chache kutoka Joubert Park. Ukumbi ule hatukuupata kwa bahati. Kabla ya hapo tulishonea barabarani, na polisi wa jiji walipopita tulikimbia na vichwa vya vyerehani mikononi, tukiacha meza nyuma. Diwani wa kata yetu ndiye aliyetuombea jengo, na kila mwaka barua yake ndiyo iliyotubakiza humo. Kisha, baada ya Pasaka, diwani akafariki.

Kiongozi wetu alikuwa mwanamke wa Lubumbashi kama mimi, mkubwa wangu kwa miaka minane. Nilimwita Yaya, yaani dada mkubwa, na wenzetu wote wakamwita hivyo hivyo, hata wale wa Bukavu ambao kwao hawasemi Yaya. Ndiye aliyenipokea nilipofika mjini na begi moja. Nililala chini ya meza yake ya kukatia nguo huko Berea kwa miezi mitano, katika chumba tulichogawana na familia mbili kwa mapazia. Kama kuna mtu hapa duniani niliyemjua, ni yeye. Ndivyo nilivyoamini.

Sasa, kiti cha diwani kilikuwa wazi, na kwa kawaida wakubwa wa chama chake walikuwa wakiikumbuka kata yetu siku za mazishi tu. Lakini tangu uchaguzi wa 2016 hakukuwa na chama chenye nusu ya baraza la jiji. Meya alitawala kwa kuegemea vyama visivyopendana, na jambo lolote kubwa lilipita au kuanguka kwa kura chache. Kiti kimoja kikawa na thamani ya kumi. Magari yenye vioo vyeusi yakaanza kuegeshwa karibu na robot, yaani taa za barabarani, za kona yetu, na watu wenye simu mbili mbili wakapanda ngazi zetu wakiuliza afya za watoto wetu. Mtu mkubwa akikuuliza afya ya mtoto ambaye hamjui, chunga mfuko wako.

Sote tulikuwa na kadi za chama. Chama kiliwaruhusu wenye ukazi wa kudumu kujiunga na tawi na kumchagua mgombea, ingawa siku ya uchaguzi wenyewe ni raia tu wanaopiga kura. Tuliruhusiwa kupika, si kula. Hata hivyo tawi letu lilikuwa dogo, na wanawake kumi na wanne wanaokwenda pamoja walikuwa wengi.

Waliogombea ni wawili. Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Kizulu, mwalimu mstaafu aliyekaa ghorofa ya pili ya jengo la jirani. Tulimwita Ma. Ndiye aliyekuwa akiandika zile barua ambazo marehemu diwani alitia sahihi tu, na alituahidi mbele ya kila mtu kwamba ukumbi hautaguswa. Wa pili aliletwa kutoka ofisi za juu za chama: bwana wa miaka thelathini na kitu, viatu vimechongoka, harufu nzuri, Kiingereza laini. Tulipomuuliza kuhusu ukumbi alisema jengo lile lina "uwezekano mkubwa". Hakusema uwezekano wa nini.

Yule bwana aliwahi kuja kwangu mwanzoni mwa Julai na suruali tatu za kupunguza miguu. Alikaa kwenye kiti cha wateja, karibu na meza ambako daftari lilikuwa wazi, akaliinamia.

"Mbona hakuna majina, Mama?"

"Sihitaji," nikamwambia. "Kila mtu humu namjua kwa namba zake."

"Haiwezekani."

Nikacheka. Kiburi cha fundi ni kitu kibaya. Nikageuza kurasa hadi zile za Krismasi, tulipojishonea sare wote kumi na wanne, nikaanza kumwonyesha kwa kidole: huyu ni yule anayeshona mapazia, huyu ni pacha wa Kolwezi, huyu mwenye nyonga za baraka ndiye kiongozi wetu, Yaya. Alicheka sana. Alikuwa akichezea simu yake, kama wanavyofanya wote. Alipoondoka alisema, "Sharp, Mama, wewe ni hatari," nami nikalala nimeridhika.

Sasa nirudi kwa Yaya, kwa maana tangu Mei nilikuwa nimeanza kumwona amebadilika. Kila Jumatano asubuhi hakuonekana. Alikuja saa sita, akakaa kimya kwenye cherehani chake bila kueleza alikotoka. Simu yake ikilia alitoka kwenda kusemea kwenye ngazi. Lakini lililonichoma zaidi ni chakula. Saa nne asubuhi sisi wote tulikunywa chai pamoja, chai ya maziwa yenye sukari ya kusimamisha kijiko, na mandazi kutoka kwa mama wa chini. Ilikuwa desturi tangu enzi za barabarani. Yaya akaacha. Kikombe kikimfikia alikisukuma kando taratibu.

"Mi sina njala," alisema. "Mukule tu."

Kwetu mtu anayekataa kula nawe ana moja kati ya mawili: anaogopa utamwekea kitu, au yeye ndiye anayekuwekea kitu. Nililelewa hivyo na bibi yangu, na sikuwahi kuona sababu ya kumpinga. Nilianza kumtazama Yaya kwa jicho la pembeni. Nilipomuuliza Jumatano moja ametoka wapi, alisema, "Kule na huku." Mtu wa miaka yote ile, ananijibu kama ninavyojibiwa na mwenye duka.

Simu zetu nazo zilikuwa zinachochea moto. Katika kundi letu la WhatsApp kila siku kulikuwa na jipya: fulani ameonekana ndani ya gari lenye vioo vyeusi, orodha ya wanachama imeongezwa majina ya watu waliohama, wakubwa wanataka kushinda tawi kabla ya mkutano. Hakuna aliyejua nani ameandika kwanza. Tulifikia hatua ya kunyamaza mmoja wetu akiingia ukumbini, halafu wote kuanza kuongea kuhusu bei ya zipu.

Siku tisa kabla ya mkutano wa tawi, mlinzi wa mlangoni kwetu, mzee wa Kirundi mtaratibu, alinipandishia mfuko wa plastiki.

"Umeachwa na yule mheshimiwa wa viatu," alisema. "Ameomba blauzi. Vipimo vimo ndani. Anasema mwenyewe ataipitia baada ya mkutano, na usimuulize."

Ndani mlikuwa na kitenge kizuri cha rangi ya kahawa chenye ndege weupe, na kikaratasi chenye namba sita. Nilizisoma mara moja tu.

Yafaa nieleze kitu kwa wasiotujua. Kwetu, kitambaa ni jibu. Mwanaume akimletea mwanamke kitenge, au familia ikituma kitenge kwa familia nyingine, unaweza kukiweka juu ya kabati miaka miwili na hakuna neno. Lakini ukikipeleka kwa fundi, umekubali. Ndiyo maana fundi wa wanawake hujua uchumba kabla ya mchungaji. Na zile namba sita, zikiwa katika mpangilio wangu kabisa, zilikuwa za Yaya; kwa hesabu yangu, alikuwa amekubali kununuliwa.

Nilikaa juu ya kile kikaratasi kama kuku juu ya yai. Yaya alikuwa mita nne kutoka kwangu, kichwa kimeinama, anashona kola. Ningeweza kunyanyuka na kumwambia, "Yaya, hii nini?" Miaka yote najiuliza kwa nini sikunyanyuka. Jibu si zuri: nilikuwa nimeshafurahi. Ndiyo, furaha. Mtu aliyeshuku kwa miezi mitatu akipata ushahidi hupata raha fulani mbaya, na hataki kuharibiwa raha hiyo na maelezo. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia, na kwa mara ya kwanza nguo yenyewe ilikuwa mezani kwangu.

Nilimwambia mwenzangu mmoja tu, anayeshona mapazia, nikamwonya asimwambie mtu. Kwa lugha yetu hayo maana yake ni wape habari wote. Nia yangu ilikuwa tumchunge Yaya, tumwondolee kazi ya kusema kwa niaba yetu siku ya mkutano. Kufikia jioni wote kumi na wawili walikuwa wanajua. Na blauzi nikaishona. Kazi ni kazi. Niliishona kwa hasira na ikatoka nzuri kuliko zote nilizoshona mwaka ule, mabega yamekaa, ndege wawili weupe wakitazamana kifuani bila mshono kuwakata.

Mkutano ulifanyika Jumamosi saa nne asubuhi, katika kanisa moja lililo ndani ya jengo la zamani la ofisi mjini kati. Kadi zilikaguliwa mlangoni kwa muda mrefu, kila upande ukimkagua mkaguzi. Walikuwepo wakubwa watatu kutoka juu, wamekaa mbele na chupa za maji. Mwenyekiti wa tawi alieleza utaratibu: hakuna karatasi, kwa sababu mara ya mwisho karatasi zilizidi watu. Kila mgombea asimame mbele, na kila mwanachama apange mstari nyuma ya anayemtaka. Watu wahesabiwe vichwa, kila mtu akiona.

Yaya aliinuka wa kwanza. Alitembea polepole, akaenda kusimama moja kwa moja nyuma ya mgongo wa Ma.

Moyo wangu ulisema: anajifanya. Nikaenda nyuma yake, nimchunge kwa karibu. Nikageuka kuwaangalia wenzetu, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikukitegemea. Mshona mapazia alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, akitazama mistari yote miwili. Kisha akaenda kwa yule bwana. Pacha wa Kolwezi akamfuata, na pacha mwenziwe, na wengine watatu. Sita wetu. Mshona mapazia alipopita karibu nami nilimshika mkono.

"Unaenda wapi wee?"

"Weye mwenyewe ulisema," alininong'oneza kwa Kiswahili chetu cha Kongo, ambamo watu ni batu. "Kama Yaya ameshapokea kitambaa, anajua kitu. Ule bwana ameshashinda. Batatufukuza kama tuko upande ya Ma."

"Lakini Yaya yuko hapa."

"Yaya ana akili. Sisi tuna vyerehani."

Walikuwa wamemfuata Yaya. Si Yaya aliyesimama mbele yao, ila yule niliyewatengenezea mimi kwa namba sita na ulimi.

Niligeuka mbele. Mistari ilikuwa imebanana, na mgongo wa Yaya ulikuwa kwenye pua yangu. Alikuwa amevaa gauni la sare yetu ya Krismasi, nililolishona kwa mkono wangu, lile la mistari ya bluu. Katikati ya mgongo, chini kidogo ya mshono, kulikuwa na pini tatu. Alikuwa amelikunja gauni kila upande na kulibana, na bado kitambaa kilining'inia. Shingo ilikuwa imetoka mifupa miwili. Ngumi yangu ingeweza kuingia kwenye kola. Nilisimama pale, fundi wa kujua miili ya watu, nikitazama mwanamke ambaye hakuwa tena na vipimo vile kwa muda mrefu. Blauzi niliyoimaliza Alhamisi ingemtosha Yaya wa Krismasi. Yaya huyu ingemvua yenyewe.

Mtu aliyeagiza blauzi kwa ajili yake angempima. Huyu aliyeagiza hakumpima. Alinakili.

"Mbili," mhesabuji alisema akinigusa kichwani. Ningesema nini, na kwa nani? Kwamba mistari isimame, kwa sababu nimeona pini?

Ma alipata kura ishirini na sita. Yule bwana alipata thelathini na moja. Hesabu ya wenzetu waliohama unaweza kuifanya mwenyewe, mimi nimeifanya mara nyingi. Wakubwa walipiga makofi kwa adabu. Ma alimpa mkono mshindi, akatugeukia, akasema kwa Kizulu tumshukuru Mungu, akaenda kutafuta fimbo yake.

Mlangoni yule bwana alinikuta. Alikuwa amezungukwa na watu, lakini alisimama, akainua simu yake kidogo kama mtu anayeinua glasi.

"Mama," alisema, "kumbe kweli unawajua kwa namba."

Nilirudi ukumbini peke yangu, nikafungua daftari kwenye kurasa za Krismasi na kuweka kikaratasi chake kando ya mstari wa Yaya. Hata ile nusu inchi niliyoikata kwa kalamu na kuirekebisha, yeye alikuwa ameiiga. Mdomo uliponza kichwa, wanasema. Wa kwangu uliponza vichwa kumi na vinne.

Alishinda na uchaguzi wenyewe, kwa sababu kata yetu ni ya chama kile tangu zamani. Kwenye baraza la jiji alipiga kura alivyoagizwa. Mwezi wa kumi na moja tangazo likabandikwa kwenye mlango wetu: jengo lina mwekezaji, tuwe tumetoka kabla ya mwisho wa mwaka. Hatukuwa na barua, wala diwani wa kuitia sahihi. Wale sita waliohama walibandikiwa tangazo lilelile.

Siku ya kufungasha, Yaya alikaa juu ya sanduku lake la nyuzi, anapumzika kila baada ya dakika chache. Nilikuwa nimejiandaa kwa wiki nzima. Nilichukua ile blauzi kutoka kwenye msumari, ambako ilikuwa imening'inia bila mtu wa kuipitia, nikamwekea magotini. Nikamweleza yote, tangu kiburi changu na daftari hadi mshona mapazia. Sikulia. Nilitaka kulia na nikaona nitakuwa namwibia haki yake.

Alisikiliza. Aligeuza blauzi, akaangalia ndani, kama fundi yeyote anavyoangalia ndani kwanza.

"Siku za Jumatano nilikuwa kliniki," alisema. "Niko na sukari. Docteur alikataza chai yenu ile."

"Ungeniambia, Yaya."

"Ningekuambia, ungeambia nani?"

Sote wawili tulijua jibu.

"Bangesema nakufa," aliendelea. "Bangeanza kuomba chereheni yangu kabla sijafa. Njo vile batu baliko." Kisha akainua macho, na hapo sauti yake ikawa ndogo. "Lakini weye, mdogo wangu. Nilingojea uone weye mwenyewe. Uliniona kila siku. Ulikuwa unaangaliaka nini?"

Nilikuwa nikiangalia simu yake, mlango aliotokea, kikombe alichokisukuma. Niliangalia kila kitu chake isipokuwa yeye.

Nilimwomba anipe blauzi niipunguze pale pale, nilikuwa na futi shingoni na sindano mkononi. Akakataa. Aliikunja vizuri, akaiweka ndani ya sanduku la nyuzi, akasema gari limefika.

Sasa ninashonea chumbani kwangu Berea, dirishani, na Yaya anashonea kwake, mitaa miwili kutoka hapa. Sukari yake inatulia ikipenda. Kila Jumapili anakuja kanisani amevaa blauzi ya rangi ya kahawa yenye ndege weupe, na inamwanguka mabega yote mawili kama nguo ya kuazima. Nimemwomba si mara moja wala mbili aniletee niikate. Anasema hapana, inamfaa hivyo hivyo. Wageni wanaokipenda kitambaa humuuliza ni fundi gani aliyemshonea nguo kubwa namna ile, naye hunigeukia, nikiwa nimekaa benchi ya nyuma yake, na kuwaonyesha kwa kidole.

"Ule pale," anawaambia. "Anatujua sisi wote kwa namba."